SOMO: Sukari ya Bakteria na Uvimbe wa Mwili



Vikundi vinavyouza maziwa lala huulizwa mara nyingi na wanunuzi: je, ni kweli mala inaponya viungo na tumbo? Tulisome jambo hili polepole, kwa sababu jibu baya laweza kumfanya mgonjwa aache dawa.

1. Uvimbe ni nini?
Ukichomwa na mwiba, mahali pale panavimba, panapata joto na kuuma. Ni askari wa mwili wamekimbilia pale kupigana na vijidudu. Kazi ikiisha wanarudi nyumbani na uvimbe unashuka. Shida ni pale askari wanapokataa kurudi, wakaanza kumpiga mwenye boma. Ndipo mtu hupata baridi yabisi ya viungo, au utumbo mpana unaovimba na kutoa damu kwa miaka.

2. Sukari gani hii?
Si ile ya chai. Kuna bakteria zinazounga sukari ndogo ndogo kama shanga kwenye uzi, kisha zinajifunika nazo kama koti. Hata bakteria za yogati hutengeneza sukari hizo, ndiyo maana yogati nyingine ni nzito na inavutika kama mrenda.

Mwaka 2008 watafiti wa Marekani, Sarkis Mazmanian, June Round na Dennis Kasper, walieleza juu ya bakteria inayoishi katika utumbo wa binadamu, Bacteroides fragilis. Sukari ya koti lake iliwakinga panya wasipatwe na ugonjwa wa kuvimba utumbo. Iliwaamsha wale askari wa kutuliza wenzao, kama wazee wanaoamua ugomvi. Bakteria isiyo na sukari hiyo haikuwakinga panya.

3. Tusikimbilie
Kwanza, panya si mtu. Pili, bakteria hiyo haipendi hewa, wala si yo inayogandisha mala yetu. Tatu, utumbo ukitoboka na bakteria hiyo ikamwagika tumboni, sukari ile ile husaidia kuleta jipu. Kwa hiyo kinachotuliza mahali pamoja chaweza kudhuru mahali pengine.

4. Basi tufanye nini?
- Tuuze mala kama chakula kizuri, chenye protini na madini ya mifupa. Tusiiuze kama dawa.
- Tuchemshe maziwa kabla ya kuyagandisha. Kuchacha peke yake hakutoshi kuua vijidudu vya brusela. Na brusela yenyewe huleta homa na maumivu ya viungo! Mama anakunywa mala ya maziwa mabichi atibu magoti, kumbe anajiongezea ugonjwa.
- Mwenye dawa za hospitali asiziache. Anayeharisha damu au kukonda bila sababu aende kituo cha afya mapema.

Maswali ya kujadiliana
1. Katika kikundi chetu, nani huhakikisha maziwa yamechemshwa?
2. Tumewahi kumwambia mnunuzi kwamba mala inaponya? Tutamwambia nini sasa?
3. Ni nani kijijini anaumwa viungo na hajapimwa? Nani atamsindikiza?

Mnunuzi anatuamini sisi jirani zake. Tumpe maziwa safi na maneno ya kweli.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.