Dondoo muhimu: Nishani za askari na hati zake

Yeyote aliyerithi au anayetaka kununua, hapa Uvira au kwingineko pwani ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, nishani ya askari wa Force Publique, jeshi la Kongo ya Kibelgiji lililoingia Tabora Septemba 1916 na kupigana Uhabeshi mwaka 1941, na azingatie haya:

1. Usitenganishe nishani na hati yake abadan.
2. Kabla ya kununua, linganisha jina, cheo na tarehe za kwenye hati na habari za askari mwenyewe. Nishani ya Usovieti kama Nyota Nyekundu ina namba nyuma, iliyoandikwa pia kitabuni mwake, lakini zile za Kibelgiji aghalabu hazina namba wala jina, hivyo hati ndiyo shahidi.
3. Usisugue kwa jivu, mchanga wala ndimu: kosa hili halina dawa.
4. Hati usiitie gundi wala plastiki ya moto.
5. Utepe usiufue, wala usiuanike juani.
6. Weka sanduku juu, si uvunguni. Kumbuka mafuriko ya mto Mulongwe hapa Uvira, Aprili 2020.
7. Ukiuziwa nishani isiyo na hati, tafadhali itafute kwanza aila ya askari mwenyewe, kwani huenda hati wangali nayo.