Majani Yasiyo na Mkulima

JUMATANO

Soma Ayubu 38:25-30. Mvua inayotajwa hapa inanyesha wapi, na kwa ajili ya nani?

Ayubu anaulizwa habari za mvua inyeshayo pasipo na mtu hata mmoja, na majani yanachipua huko. Aya chache mbele inatajwa barafu. Nchi ya namna hiyo haiko mbali nasi. Juu ya Kilimanjaro, kwenye mita kama 4,000, jua huchoma mchana na maji huganda usiku, karibu mwaka mzima. Ndivyo ilivyo pia Ruwenzori na Karisimbi, milima ambayo baadhi ya ndugu waliotoka Kongo wameiona kwa macho yao.

Udongo wa huko hautulii. Maji yaliyomo yakiganda hufanya sindano za barafu zinazoinua tabaka la juu. Jua likitoka zinayeyuka, udongo unaanguka, na miche inang'oka. Hata hivyo mimea iitwayo senesio husimama hapo, mirefu kuliko mtu. Majani yake yakifa hayadondoki. Hubaki yamelizunguka shina kama blanketi, maji yaliyo ndani yasigande. Usiku majani mabichi hujikunja na kulifunika chipukizi la katikati. Mpita njia huona kuni tu, lakini akiyavua majani yale, shina linabaki uchi kwenye baridi.

Nyarugusu hakuna barafu. Ila tangu 1996 watu wengi wameishi hapa, na kila nyumba inahitaji kuni na bustani. Tusimhukumu mama anayekwenda mbali kutafuta kuni. Watoto lazima wale. Tufikirie mabua na majani makavu ya bustanini, ambayo wengi wetu huyafagia na kuyachoma ili paonekane safi. (Uwanja ufagiliwe, ndiyo. Bustani si uwanja.) Mvua za kwanza zikipiga udongo ulio wazi, huondoka na tabaka la juu lenye rutuba. Yakiachwa kama matandazo, hupunguza nguvu ya matone na kuhifadhi unyevu.

Wengine husema, "Ardhi si yetu, na mwakani huenda tusiwepo. Tujisumbue kwa nini?" Swali hilo ni zito. Soma Yeremia 29:5. Wale walioambiwa wapande bustani walikuwa wapi, na nchi ilikuwa ya nani?

Jadilini darasani: Ni nani atakayevuna kwenye udongo unaoutunza leo, kama si wewe?