Dondoo Muhimu: Mazoezi na Kolesteroli Nzuri

Kolesteroli nzuri, ile inayoandikwa HDL kwenye majibu ya maabara, huzoa mafuta yaliyozidi kwenye kuta za mishipa ya damu na kuyarudisha kwenye ini. Kwa mwanamume, chini ya miligramu 40 kwa desilita ni kidogo. Kwa mwanamke, chini ya 50.

Mazoezi huipandisha, ingawa si kwa kishindo. Mwaka 2007 watafiti wa Japani wakiongozwa na Satoru Kodama walichambua majaribio 25 na kukuta ongezeko la wastani wa miligramu 2.5 hivi. Kilicholeta tofauti kubwa zaidi ni urefu wa kila zoezi, kuliko ukali wake au wingi wa siku, na walikadiria kwamba angalau dakika 120 kwa wiki zinahitajika.

Basi anayetembea kwa haraka dakika 40 mfululizo, mara tatu au nne kwa wiki, yumo kwenye njia sahihi. Baiskeli na kuogelea pia vinafaa.

Mvutaji sigara aache kabisa, maana sigara huishusha HDL. Na aliyeandikiwa dawa za kolesteroli asizikatishe kwa kuwa ameanza kukimbia. Amwone kwanza daktari wake.