Usizamie Kina Ambacho Hujajifunza Kurudi



Maji ya mto Kilombero, yanayopita chini ya daraja letu la kwenda Ulanga, hayaishii hapa bondeni. Yanakutana na Luwegu, yanakuwa Rufiji, halafu yanaingia Bahari ya Hindi kuelekea Mafia. Kule, kwenye hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, watu huzamia na mitungi ya hewa mgongoni kuangalia matumbawe. Leo tujifunze kwao namna ya kupanda hatua kwa hatua.

1. Kila ngazi ina mpaka wake. Katika mafunzo yanayotumika sehemu nyingi duniani, anayeanza anaishia mita 18. Akisoma zaidi, mita 30. Kuzamia kwa starehe kunaishia mita 40. Zaidi ya hapo ni uzamiaji wa kiufundi: mitungi kadhaa, gesi za kuchanganya, na hesabu za kila dakika.

2. Kwa nini wasiruke? Kila mita 10, mgandamizo unaongezeka kwa kiasi kilekile kilichopo juu ya maji. Kwenye mita 40 ni mara tano. Naitrojeni ya kwenye hewa inaingia mwilini taratibu. Ukipanda fasta inatoa mapovu, kama soda iliyofunguliwa ghafla. Mtu anaweza kupooza, hata kufa. Ndiyo maana mzamiaji wa kiufundi anapanda kwa vituo, anasubiri, anapanda tena. Kifaa kikigoma, hawezi kukimbilia juu. Lazima atatue tatizo palepale alipo.

3. Wanafundishwaje? Wanaanza kwenye maji mafupi. Kufunga mtungi unaovuja, kumgawia mwenzako hewa, kutulia usipoona mbele. Wanarudia mpaka mikono izoee. Swali la maana si "umefika mita ngapi?" bali "ukiharibikiwa hapo, unarudije?"

Sasa tuje kwetu. Kijana hajawahi kuandika hesabu ya gunia tatu za mpunga, tayari anatafuta mkopo wa trekta. Mwingine amejifunza pikipiki juzi, leo anabeba abiria wawili usiku. Tatizo si ndoto kubwa. Tatizo ni kufika mahali ambapo huwezi kutoka kwa mkimbio, na hujawahi kufanya mazoezi ya kutoka. Na ukikwama, mara nyingi hukwami peke yako: kuna mdhamini, kuna abiria, kuna mama nyumbani.

Kwenda polepole siyo uoga. Katika imani yetu inaitwa busara, nayo ni fadhila.

Zoezi la wiki: Andika jambo moja unalotaka kuliingia. Chini yake andika: likienda vibaya, nitatokaje? Nimeshajaribu lini kwa kiwango kidogo? Kama hakuna jibu, usilifute. Rudi ngazi moja chini, ufanye mazoezi, kisha ushuke tena.