Msalaba Wako Usimtwike Mwenzio

Mwezi huu nina barua tatu mezani, zote kutoka wilaya ya Chemba, zote za wanawake wanaompenda Yesu kweli, na zote zinauliza jambo moja: kumfuata kunadai kiasi gani? Nimezisoma na kuzirudia. Kuna swali ambalo hakuna hata mmoja wenu aliyeliuliza, nalo ndilo linalonikosesha raha. Hiyo gharama anailipa nani? Maana nimewaona wengi wanaosema wamejitoa kwa Bwana, kumbe waliyemtoa ni mtu mwingine.

Nianze na binti wa mizani. Ana miaka 23, yuko Chemba mjini, jirani na barabara kuu ya Dodoma kwenda Babati. Alilelewa na mjomba wake, Mrangi, Mwislamu, mtu aliyemsomesha mpaka kidato cha nne na ambaye binti alipobatizwa mwaka jana hakumfukuza wala hakumnunia. Mjomba ananunua ufuta na alizeti za wakulima wa vijijini, na binti ndiye anayesimama kwenye mizani. Mizani imechezewa. "Dada," anaandika, "nikikataa nakosa fadhila, nikikubali namkosea Mungu."

Pole sana mdogo wangu. Ingekuwa ni bosi mkorofi ungeshaondoka. Anayekuomba ukosee ni mtu aliyekulisha, na hapo ndipo panapouma. Yale maneno ya Luka sura ya 14, Yesu anapotaja baba na mama na ndugu, watu huyapita haraka kanisani kana kwamba yaliwahusu Wayahudi wa zamani. Wewe umekutana nayo ghalani.

Katika sura hiyohiyo Bwana anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba hukaa kwanza akapiga hesabu. Basi tupige. Mizani ikila kilo 2 katika kila kilo 20, mama aliyetoka Farkwa na kilo 200 za ufuta atalipwa kilo 180. Kilo 20 zimebaki kwenu. Yule mama alilima, akapalilia, akakata, akasimamisha matita juani, akakung'uta, akatafuta usafiri. Unasema unalipa fadhila za mjomba, lakini angalia mkono unaotoa hela: ni wa mama wa Farkwa, ambaye hajui hata jina lako. Hapo hakuna fadhila iliyolipwa, mdogo wangu. Deni lako amelipishwa mtu asiyekudai wala usiyemdai.

Kwa hiyo nenda ukamwone mjomba. Nenda kabla msimu haujafunguliwa, jioni, akiwa peke yake, ameshakula. Mwamkie kama siku zote. Mshukuru kwa kukulea, tena mshukuru kwa vitu vyenyewe: ada, sare, ile safari ya hospitali. Kisha mwambie, "Mjomba, kazi naipenda, ila mizani hii siwezi kuisimamia tena. Naomba tuiite Wakala wa Vipimo waikague, waibandike stika yao." Usimpelekee Biblia yako. Yeye ana kitabu chake, na sura ya 83 ya Qurani, Al-Mutaffifin, inaanza moja kwa moja na onyo kali kwa wanaopunja vipimo. Anaijua. Huenda inamsumbua usiku kuliko unavyodhani. Na usiende ukidhani hili ni kosa la dini ya mtu, kwa sababu wapo wanunuzi wa kanisani wenye mizani hiyohiyo na debe lililogongwa kitako likatanuka, nao Jumapili hukaa benchi la mbele.

Jambo moja nakukataza kabisa: usisimame kwenye ibada ukatoa ushuhuda wa namna ulivyoacha "kazi ya wizi ya mjomba". Mji ni mdogo, kila mtu atamjua. Utapigiwa makofi, na yeye ndiye atakayelipa kwa jina lake. Huo utakatifu wako utakuwa umeununua kwa heshima yake.

Akikataa, toka. Ndiyo, utakosa mshahara, na huenda ukakosa na chumba. Hiyo ndiyo sehemu yako, na siwezi kukupunguzia. Ila jipange mapema: weka akiba miezi hii, ongea na mtu utakayefikia kwake, waambie jumuiya yako ukweli kwamba utahitaji kula. Na ninyi wanajumuiya mnaosoma hapa, nawaomba. Msimwimbie binti huyu wimbo wa ushindi kisha mkamwacha alale njaa. Debe la mtama nyumbani kwake lina uzito kuliko makofi.

Umeuliza pia kuhusu waliopunjwa msimu uliopita. Watu wa uamsho wana neno lao kwa hilo: nenda ukatengeneze. Zakayo alitengeneza kwa kurudisha mara nne. Hapa hapa Dodoma alipata kufundisha Festo Kivengere, Mganda wa Kigezi, katika Shule ya Alliance, ile iliyokuja kuitwa Mazengo na ambako leo kuna Chuo Kikuu cha St John's. Alipookoka huko kwao, mwanzoni mwa miaka ya 1940, alipanda baiskeli akaenda mwendo mrefu kumwomba msamaha mzungu mmoja ambaye yeye Kivengere alikuwa akimchukia. Hakumtuma mtu, alikwenda mwenyewe. Wewe huwezi kuwarudishia wakulima wote, lakini daftari la manunuzi unalo. Wale unaowakumbuka, anza nao kidogo kidogo, kwa fedha yako uliyoipata kwa haki, bila kumtaja mjomba.

Barua ya pili ni fupi na jibu lake ni fupi. Mama wa watoto wanne, maeneo ya Kwa Mtoro, aliweka ahadi kwenye semina ya injili. Aliuza mbuzi watatu bila mumewe kujua, akapeleka sadaka. Mtumishi alimwambia hiyo ndiyo gharama ya wokovu. Sasa nyumba haina amani, mtoto wa kwanza amerudishwa kutoka shuleni kwa sababu ya mchango wa chakula, naye anauliza kama haya ni mateso kwa ajili ya Jina.

Hapana, mama. Soma Marko sura ya 7. Wapo waliokuwa wakisema mali yao ni korbani, imewekwa wakfu kwa Mungu, ili wasiwatunze wazazi wao, na Yesu aliwakemea waziwazi. Hakukubali sadaka iliyotolewa kwenye sahani ya mtu mwingine. Mbuzi walikuwa wa nyumba nzima, na anayelipa ahadi yako sasa hivi ni mtoto aliyekaa nyumbani wenzake wakisoma. Nenda kwa mumeo, mwambie ulikosea kuwauza kwa siri. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba hata mke aaminiye akae na mume asiyeamini ikiwa mume anakubali kukaa naye. Sioni namna ya kukaa naye huku unamficha mifugo yake. Na huyo mtumishi, akija tena na ahadi mpya, mwambie utazungumza na mwenye nyumba kwanza. Mtumishi wa kweli atasubiri.

Nikiwa hapo hapo, kwa sababu najua kuna wanaosoma wakiwa na makovu: kupigwa na mume si msalaba. Wapo viongozi wanaowarudisha wanawake kwenye kipigo na kuwaambia wavumilie kama Kristo. Msalaba Yesu aliuchukua kwa hiari, akijua anakwenda wapi na kwa ajili ya nani. Kipigo chako kinamfaidi nani? Huyohuyo Kivengere niliyemtaja, akiwa tayari askofu, alivuka milima kwa miguu usiku kuingia Rwanda na mkewe Mera, Februari 1977, siku chache baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa chini ya Idi Amin. Alikimbia, na hakuna anayesema alimkana Bwana. Nenda dawati la jinsia kituo cha polisi, au ofisi ya ustawi wa jamii, au kwa wazazi wako. Usiku wa leo, ikibidi.

Msije mkanielewa vibaya mkadhani nawatafutia imani ya bei rahisi. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mjerumani aliyeandika kitabu kizima juu ya gharama ya ufuasi mwaka 1937, alikuwa salama New York mwaka 1939, vita ikinukia. Marafiki walitaka abaki. Alikaa wiki chache tu, akapanda meli kurudi, kwa sababu hakuona atapataje haki ya kuijenga tena Ujerumani na wenzake kama wao wangepita kwenye moto na yeye akiwa pembeni. Alinyongwa tarehe 9 Aprili 1945. Kinachonigusa kwake ni kwamba alikataa wenzake wamlipie.

Barua ya tatu nimeiacha mwisho kwa sababu imenishika zaidi. Imeandikwa na mama kijana, upande wa Goima, ana binti wa miezi minne. Mtoto amepata ukurutu na harufu sehemu za siri, mama mkwe amesema ni lawalawa, na dawa yake ni kumkeketa kimyakimya, sasa hivi, angali mchanga. Mkwe ni mwanajumuiya mzuri, anaongoza rozari. Mume amenyamaza. "Nikigoma," anaandika, "nitakuwa mkwe mkaidi, na nimefundishwa kwamba mfuasi wa Kristo ni mnyenyekevu."

Mdogo wangu, hapa nasema kwa sauti. Lawalawa ni maambukizi. Yanatibika zahanati, kwa usafi na dawa atakazoandika mganga, na wembe haujawahi kuyatibu. Huku kwetu kanda ya kati kisingizio hiki kimekeketa watoto wachanga wengi, hasa baada ya sheria ya 1998 kuifanya kuwa kosa la jinai kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18, na watu wakaanza kuwakeketa wangali wachanga wasiojua kusimulia.

Unyenyekevu wako, ukikubali, utalipiwa na nani? Na mtoto wa miezi minne, kwa mwili wake, maisha yake yote, mpaka siku atakapojifungua. Ukigoma, utalipa wewe: mkwe atakununia, mawifi watasema umeletewa kiburi na shule, huenda usipikiwe uzazi ujao. Ni gharama kubwa, siibezi. Wewe ni mtu mzima unayeweza kuichagua, yeye hawezi. Huo ndio ufuasi ninaoujua mimi, mtu mkubwa kuingia mbele ya mdogo ili pigo likome kwake.

Mpeleke mtoto zahanati kesho, na kadi yake ya kliniki. Mweleze nesi kila kitu, pamoja na neno lawalawa na aliyelisema. Ukirudi mwonyeshe mama mkwe dawa, umwombe akusaidie kumpaka, maana anampenda mjukuu wake na kwa kweli anaogopa atakufa. Mpe kazi ya kufanya. Zungumza na katekista au mama yeyote wa jumuiya anayesikilizwa, aje kama mgeni wa kumjulia hali mtoto. Mumeo mwambie kwamba ukimya wake utahesabiwa kuwa ni ndiyo, na kwamba polisi hawatamkamata bibi peke yake. Na mpaka atakapokuwa amesema hapana kwa mama yake, kwa mdomo wake, mbele yako, mtoto asilale kwa bibi hata usiku mmoja, na ukienda kisimani umbebe mgongoni.