Wapimaji wa Hewa

Mambo mengi hugeuka pole pole hata macho hayawezi kuyatambua. Mama akaaye na mtoto wake kila siku haoni jinsi anavyokua, lakini mjomba akirudi kutoka safari ya miaka miwili hustaajabu, akasema, "Kumbe amekuwa mkubwa hivi!" Mama akitaka kujua mwanawe amekua kiasi gani, yampasa kumsimamisha penye mwimo wa mlango na kutia alama kila mwaka, mahali pale pale, tena bila kumruhusu kusimama juu ya vidole.

Mvua nayo ni vivyo hivyo. Hapa Tanga wazee husema, "Masika ya zamani yalikuwa na mvua nyingi kuliko haya." Huenda ni kweli, huenda sivyo, kwa maana moyo husahau. Lakini kule Amani, katika milima iliyo juu ya Muheza, Wadachi walijenga nyumba ya uchunguzi wa mimea na kilimo mwaka wa 1902, nao wakapima mvua na kuandika hesabu yake. Waliopima hapo kwanza wamekufa zamani, lakini hesabu zao zasomeka. Mtu atakaye kulinganisha masika ya leo na masika ya babu yake hana haja ya kubishana, afungue daftari.

Katika somo hili tutasoma habari za watu wanaopima, si mvua, bali hewa yenyewe tunayoivuta.

Hewa ni mchanganyiko wa vitu vingi. Kimojawapo ni hewa ya ukaa, ambayo wenye elimu huiita kaboni dayoksaidi. Hutoka katika pumzi zetu, na katika kila moto wa kuni, makaa au mafuta. Miti huivuta kwa majani yake na kujijenga kwayo. Hewa hii ni kidogo sana. Tuseme hewa yote ni punje elfu kumi za mchele: hewa ya ukaa ni punje nne tu na kipande.

Lakini msiidharau kwa uchache wake. Watu wa Lushoto, kwenye baridi ya mlimani, hujifunika blanketi usiku. Ndani ya blanketi hamna moto. Kazi yake ni kuzuia joto la mwili lisitoke upesi. Hewa ya ukaa hufanya kazi hiyo hiyo juu ya dunia. Mchana jua hutia nchi joto, kisha joto hilo hupanda kurudi juu. Hewa ya ukaa huzuia baadhi yake, pamoja na mvuke wa maji, na hewa nyingine iitwayo methani, itokayo katika vinamasi, mashamba ya mpunga na matumbo ya ng'ombe. Bila blanketi hili dunia ingekuwa na baridi kali mno. Lakini likizidi unene, dunia hupata joto kupita kiasi.

Basi swali ni hili: je, blanketi linazidi unene? Zamani hapakuwa na mtu aliyeweza kujibu kwa hakika, maana hapakuwa na daftari.

Mwaka wa 1958 Mmarekani mmoja, jina lake Charles David Keeling, aliweka chombo cha kupimia hewa katika mlima wa Mauna Loa, kwenye visiwa vya Hawaii, katikati ya Bahari ya Pasifiki. Mahali pale palifaa kwa sababu pako mbali na miji na viwanda, na upepo wake umevuka bahari kubwa. Katika kila sehemu milioni moja za hewa alikuta sehemu zipatazo 315 za hewa ya ukaa.

Akaendelea kupima, akaona ajabu. Hesabu ilipanda mpaka mwezi wa Mei, kisha ikashuka mpaka Septemba, kwa kuwa wakati huo misitu ya nchi za kaskazini huchipua majani na kuvuta hewa ya ukaa. Ikawa kama dunia nzima inapumua mara moja kwa mwaka. Lakini kila ilipopanda tena, ilipita alama ya mwaka uliotangulia. Mwaka wa 2024 ilikuwa imepita 420. Na mapovu ya hewa ya kale, yaliyofungwa ndani ya barafu ya Antaktika, yaonyesha ya kuwa kabla ya mwaka wa 1750, watu walipokuwa hawajaanza kuendesha mashine nyingi kwa makaa ya mawe na mafuta, ilikuwa kama 280 tu. Haba na haba hujaza kibaba.

Kazi hiyo haikuwa rahisi. Mwaka wa 1964 fedha zilipungua, vipimo vikakoma kwa miezi kadhaa. Pengo lile lingali katika daftari mpaka leo. Keeling alifariki mwaka wa 2005, na wengine, miongoni mwao mwanawe, wakaipokea kazi. Mwezi wa Novemba 2022 mlima ule ulitapika moto, na mawe yaliyoyeyuka yakakata njia na umeme. Wapimaji hawakukata tamaa. Walipeleka vyombo katika mlima wa jirani, Mauna Kea, wakaendelea.

Upande wetu wa dunia nao una wapimaji. Katika kisiwa cha Mahé, huko Shelisheli, hewa ilianza kutiwa katika chupa za vioo mwaka wa 1980, ili ipelekwe kupimwa Boulder, nchini Marekani. Wavuvi wa Tanga na Pangani watafahamu kwa nini mahali pale pana faida. Wakati wa kaskazi, upepo huleta hewa ya pande za Bara Hindi na Arabuni. Wakati wa kusi, huleta hewa safi ya bahari kuu ya kusini. Basi mpimaji akikaa mahali pamoja hupata habari za pande mbili za dunia. Tena mwaka wa 1999 kilifunguliwa kituo katika Mlima Kenya, meta 3,678 juu ya bahari, chini ya idara ya hali ya hewa ya Kenya, kwa msaada wa Uswisi.

Ajazaye chupa huelekeza uso kwenye upepo, naye huzuia pumzi yake. Kwa nini? Kwa sababu pumzi ya mtu ina hewa ya ukaa mara mia kuliko hewa ya kawaida. Pumzi moja ya uzembe huharibu chupa nzima.

Labda mtauliza, "Yatuhusu nini sisi?" Mwaka wa 1998 maji ya bahari yalipata joto kupita desturi yake, na matumbawe mengi ya pwani yetu yakageuka meupe, mengi yakafa. Matumbawe ni nyumba za samaki, na samaki ni kitoweo chetu. Kadiri blanketi la dunia linavyozidi unene, ndivyo joto la namna hiyo linavyorudi mara kwa mara. Moshi mwingi umetoka katika nchi kubwa zenye viwanda, lakini bahari haina mipaka.

Ikiwa shule yenu ina chombo cha kupimia mvua, kipimeni kila siku saa ile ile. Isiponyesha, andikeni sifuri. Mkisahau siku moja, acheni nafasi wazi. Msibuni hesabu ili kumpendeza mwalimu. Nafasi wazi ni hasara ya siku moja, bali hesabu ya uongo huharibu daftari zima, maana asomaye baadaye hatajua ipi aiamini.

Maswali

1. Kwa nini mama hatambui jinsi mtoto wake anavyokua?
2. Elezeni namna hewa ya ukaa inavyofanana na blanketi.
3. Kwa nini Keeling hakupima hewa katikati ya mji?
4. Kaskazi na kusi vinamsaidiaje mpimaji wa Mahé?
5. Lipi ni baya zaidi katika daftari: nafasi wazi au hesabu ya kubuni? Toeni sababu.