Usimrudishe Aliyekukimbilia

Maandiko: Kumbukumbu la Torati 23:15-16, Mathayo 2:13-15, Mithali 31:8-9

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikisoma mambo ya wakimbizi: sheria zao, kambi zao na watu wanaowatetea. Nimeona kwamba mambo matatu aliyoagiza Musa kuhusu mtumwa aliyetoroka ndiyo yanayobishaniwa mpaka leo.

1. Asirudishwe. Musa alikataza mtumwa huyo kukabidhiwa kwa bwana wake. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 33, nao unakataza mkimbizi kurudishwa mahali ambapo uhai au uhuru wake uko hatarini. Mkataba wa OAU wa 1969 ukawaongeza wanaokimbia vita na machafuko. Yusufu na Mariamu walikaa Misri mpaka Herode alipokufa. Hebu fikiria kama mpakani wangeambiwa, "Rudini kwenu!"

2. Apewe mahali pa kuishi. Musa anasema achague mwenyewe. Dadaab ipo tangu 1991, Kakuma tangu 1992. Kuna waliozaliwa humo na sasa ni wazazi. Sheria yetu ya Wakimbizi ya 2021 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, lakini aliye kambini bado anahitaji kibali cha kutoka. Sasa huyo atatafutaje kazi Eldoret?

3. Asionewe. Mei 2016 serikali ilitangaza kwamba itafunga Dadaab, ikitaja usalama. Hofu hiyo si ya kubuni. Wazazi waliopoteza watoto wao Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015 wanaijua. Lakini Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na Kituo Cha Sheria walienda kortini, na Februari 2017 Mahakama Kuu ikaamua kwamba agizo hilo linakiuka Katiba. Mhalifu ashtakiwe kwa kosa lake. Kabila zima lisiadhibiwe kwa ajili yake.

Hapo ndipo Mithali 31 inapoingia. Sisi kanisani tunajua kuchanga unga na blanketi, na tuendelee. Lakini mtu anayepandishwa lori kurudishwa vitani, unga hautamshusha. Anahitaji mtu wa kufungua kinywa kwa niaba yake.

Wiki hii, ukisikia kwenye matatu au sokoni mtu akisema "warudi kwao," muulize kwa upole: kwao kuna nini sasa? Jirani yako mkimbizi akishikwa, usifunge mlango. Enda naye kituoni, uulize ameshikwa kwa kosa gani, na umtafutie wakili wa msaada wa bure.

Swali la ushirika wa nyumbani: Kuna mgeni gani mtaani kwetu ambaye tunamsalimia kila Jumapili na hatujawahi kumuuliza alikimbia nini?

Tuombe: Bwana, uliyekimbizwa ukiwa mtoto, tupe ujasiri wa kusema. Amina.